Oscars za Kitambo: Nani Alistahili na Nani Aliibiwa Mchana Peupe?

Kila msimu wa Oscars ukifika, mtandao huwaka moto. Mtu akishinda, nusu ya wasee wanasema ameiba, nusu wanasema hiyo ni wivu. Kama ulidhani hiyo vita ilianza na simu yako, jua imekuwa hapa karibu miaka 100. Tuzo ya Mwigizaji Bora wa Kike ilizaliwa na ubishi ndani yake.

Hapa tunakupea rada kutoka 1929 hadi 1940: nani alichukua, nani alikuwa mpinzani, na nani alicheza kuwaliko wote. Kanuni yetu ni moja tu. Jina kubwa, ndoa na mdosi wa studio haviingii kwenye hesabu. Tunahesabu kile kiko kwenye skrini.

Kwanza elewa venye mchezo ulikuwa

Oscars za kwanza zilifanyika tarehe 16 Mei 1929, ndani ya hoteli ya Hollywood Roosevelt, Los Angeles. Tiketi ilikuwa dola 5. Kupeana tuzo kulichukua kama dakika 15 tu, na hakukuwa na presha yoyote ju washindi walikuwa wametangazwa miezi mitatu kabla.

Kitu cha kushika ni hiki: miaka miwili ya kwanza, mshindi aliamuliwa na majaji watano. Watano tu! Baada ya hapo ndio kura zikafunguliwa kwa wanachama wote wa Akademi. Kampuni ya uhasibu ya Price Waterhouse nayo ililetwa kuhesabu kura katikati ya miaka ya 1930. Kwa hivyo ukisikia mtu "alishinda Oscar" enzi hizo, uliza kwanza nani alikuwa anapiga kura.

1929: Janet Gaynor afungua njia

Gaynor alishinda akiwa na miaka 22, na si kwa muvi moja. Alipewa kwa tatu: 7th Heaven, Street Angel na Sunrise. Sheria hiyo ilibadilishwa baadaye.

Zote tatu zilitengenezwa kwa mtindo wa filamu bubu, kumaanisha hakuna maneno ya kukuokoa. Kwenye Sunrise anacheza mke ambaye bwana yake amepanga kumzamisha majini ju ya mpango wa kando. Cheki kile kipande cha mashua: anaelewa nini kinataka kumfanyikia, na unaona uso wake ukibadilika polepole bila neno hata moja. Halafu inabidi amsamehe huyo jamaa, na wewe unayetazama ukubali. Hiyo si kazi rahisi.

Mpinzani wake mkali alikuwa Gloria Swanson kwenye Sadie Thompson, dem wa mitaani anayesumbuliwa na mtu wa dini mnafiki. Swanson ana moto. Shida ni kwamba sehemu ya mwisho ya filamu hiyo ilipotea, kwa hivyo leo hatuwezi kumpima hadi mwisho.

Uamuzi: Gaynor alistahili.

Aprili 1930: Chai ya Pickford

Sasa hapa ndio maneno yalianza. Mary Pickford alikuwa mmoja wa waanzilishi 36 wa Akademi na mmoja wa mastaa wakubwa duniani. Alikuwa amekata zile nywele zake za kujikunja zilizompa jina, na Coquette ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sauti. Anacheza msichana wa kusini mwa Marekani anayependa kuchezea wanaume, na Pickford mwenyewe alikuwa amepita miaka 35. Lafudhi inateleza, machozi yanamwagika kupita kiasi.

Wale majaji wakaalikwa chai kwake nyumbani, kwenye jumba la Pickfair. Pickford akashinda. Wewe piga hesabu. Malalamishi yalikuwa mengi, na msimu uliofuata ndio wanachama wote wakaanza kupiga kura.

Nani alikosa? Jeanne Eagels, kwenye The Letter. Anacheza mwanamke Mzungu huko Asia ambaye amemuua mpenzi wake na kudanganya mahakama. Mwishoni anamgeukia bwana yake na kumtolea kila kitu: bado anampenda yule aliyemuua. Sauti inapasuka, mikono haitulii, hakuna urembo wala kuigiza kwa madaha. Eagels alifariki Oktoba 1929, miezi kadhaa kabla ya sherehe.

Uamuzi: Huu ni wizi. Tuzo ilikuwa ya Eagels.

Novemba 1930: Mke wa mdosi

Norma Shearer alishinda kwa The Divorcee. Bwana yake alikuwa Irving Thalberg, mkuu wa utayarishaji pale MGM, na watu hawakuacha kuongea. Lakini tuwe wakweli. Thalberg mwenyewe hakuwa anamuona Shearer kwa hiyo sehemu, hadi dem akaenda kwa mpiga picha George Hurrell, akapiga luku ya hatari na kumletea bwana picha. Alipigania hiyo nafasi kama msanii mwingine yeyote.

Kwenye filamu, bwana anacheza nje, na Shearer anamlipa kwa sarafu ileile. Kwa 1930 hiyo ilikuwa noma sana. Mpinzani alikuwa Greta Garbo, Msweden ambaye kila mtu alitaka kusikia sauti yake. Kwenye Anna Christie anaingia baa, anaketi na kuitisha whisky, na ile sauti nzito inaeleza maisha yake yote kabla hajamaliza sentensi.

Uamuzi: Garbo, lakini kwa nywele moja. Hapa hatuiti wizi.

1931: Mathe mwenye miaka 63

Mwaka huu wapinzani walikuwa wazito. Marlene Dietrich alikuwa na Morocco, amevaa suti ya kiume na kumbusu mwanamke mwingine mbele ya watu. Picha hiyo bado inazunguka hadi leo. Lakini tuzo ilienda kwa Marie Dressler, aliyekuwa amefikisha miaka 63 siku moja kabla ya sherehe.

Dressler alikuwa ameanguka kabisa kwenye miaka ya 1920, kazi zimeisha. Kwenye Min and Bill anacheza mwenye gesti ya bandarini aliyemlea mtoto wa kuachwa. Ili msichana huyo aolewe vizuri bila aibu, Min anafanya jambo linalompeleka jela. Mwishoni anasimama kwenye umati akiona binti akiondoka na meli, anatabasamu, na polisi wanamkujia. Kama umelelewa na shosh, jiandae.

Uamuzi: Dressler, bila swali.

1935 na 1936: Deni la Bette Davis

Bette Davis alicheza Mildred kwenye Of Human Bondage, weita katili anayemmaliza mwanaume anayempenda. Waigizaji wengi waliogopa kuonekana wabaya hivyo. Davis alikubali hadi kuonekana mgonjwa na amechakaa. Majina ya wateule yalipotoka, la kwake halikuwepo. Kelele zikawa nyingi hadi Akademi ikaruhusu wapiga kura kuandika jina lolote walilotaka kwa mkono.

Bado hakushinda. Claudette Colbert alichukua kwa It Happened One Night, na alikuwa hana matumaini kiasi kwamba ilibidi atolewe stesheni akitaka kupanda treni. Colbert ni mtamu kwenye hiyo muvi, hasa kile kipande cha kuomba lifti barabarani. Filamu yenyewe ilibeba tuzo zote tano kubwa usiku huo.

Mwaka uliofuata Davis akapewa kwa Dangerous, filamu ya kawaida tu. Wengi waliona ni deni linalipwa, na Davis mwenyewe alisema Katharine Hepburn alistahili kwa Alice Adams. Hapo ndio unaona shida ya kulipa madeni: ukimlipa mmoja umechelewa, unamkopa mwingine.

Uamuzi: 1935 Davis, 1936 Hepburn. Akademi iliwapa wote tuzo, ila si kwa wakati wake.

1937 na 1938: Luise Rainer mara mbili

Luise Rainer ndiye mwigizaji wa kwanza kushinda mara mbili mfululizo. Ya kwanza, The Great Ziegfeld, ilibebwa na kipande kimoja cha simu. Anampigia aliyekuwa bwana yake kumpongeza kwa ndoa mpya. Sauti inacheka, uso unalia. Ni kipande kizuri kweli, lakini filamu ni ndefu na yeye yuko pembeni sehemu kubwa.

Ya pili, The Good Earth, ndio ngumu kumeza. Rainer, Mzungu wa Ulaya, anacheza O-Lan, mkulima wa Kichina. Anna May Wong, staa mwenye asili ya Kichina aliyezaliwa hapo hapo Los Angeles, hakupewa hiyo sehemu. Mwanaume mkuu alikuwa Paul Muni, Mzungu pia, na kanuni za filamu za wakati huo zilikataza mapenzi ya watu wa rangi tofauti kwenye skrini. Wong aliangaliwa kwa sehemu ya yule mwanamke mbaya, akakataa.

Wakati huohuo Barbara Stanwyck alikuwa na Stella Dallas. Mama anasimama nje kwenye mvua, anatazama harusi ya binti yake kupitia dirisha, ju amejiondoa ili mtoto apae. Stanwyck hakuwahi kushinda Oscar ya ushindani maisha yake yote, alipewa tu ya heshima miaka mingi baadaye.

Uamuzi: 1938 ilikuwa ya Stanwyck. Na Wong hakuibiwa tuzo, aliibiwa nafasi ya kuishindania. Hiyo ni mbaya zaidi.

1940: Meza ya pembeni

Vivien Leigh alishinda kwa Gone with the Wind, na hatuna ubishi. Lakini usiku huohuo Hattie McDaniel alichukua ya Mwigizaji Msaidizi kwa filamu hiyohiyo, Mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Ndani ya hoteli ya Ambassador alikalishwa kwenye meza ya kando, mbali na wenzake wa filamu. Miezi michache kabla, hakuweza kuhudhuria uzinduzi wa muvi yake mwenyewe Atlanta kwa sababu ya sheria za ubaguzi.

Lupita Nyong'o wetu aliposimama pale Machi 2014 na tuzo ya kitengo hichohicho, miaka 74 ilikuwa imepita. Tuzo ya Mwigizaji Bora wa Kike yenyewe ilisubiri hadi 2002, Halle Berry alipokuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata.

Ndio maana huu ubishi si wa kupoteza muda. Majaji watano, chai ya Pickfair na majina yaliyoachwa nje vilibadilishwa kwa sababu kuna watu walilalamika. Swali la "nani aliibiwa?" lina maana. Ila lazima liende na lingine: nani hakuruhusiwa hata kuingia?

Ukitaka kuanza leo

Usijaribu kuzicheki zote wikendi moja. Anza na Sunrise usiku kama umetulia, simu mbali. Fuata na It Happened One Night ukiwa na mtu unayempenda. Malizia na Stella Dallas, na uwe na tishu karibu. Ukimaliza, utakuwa na uamuzi wako, na hautahitaji wetu.