Upepo wa Singida na Mnunuzi Mmoja

Singida haina bahari, lakini upepo wake ni kama wa baharini. Vipimo vya Kititimo, mkoani humo, mita 30 kutoka ardhini, vilitoa wastani wa zaidi ya mita 9 kwa sekunde. Kasi hiyo Wazungu huifuata katikati ya maji kwa gharama kubwa. Hapa inapita juu ya mashamba ya alizeti. Hata hivyo, mitambo ya kwanza ya upepo nchini Tanzania ilisimamishwa Mufindi, mkoani Iringa, mwaka 2020. Sababu imo kwenye kanuni.

Sera ya nishati ya 1992 iliondoa ukiritimba wa shirika la umeme la taifa, TANESCO, katika kuzalisha umeme. Kampuni binafsi zikakaribishwa, ila mnunuzi mkubwa akabaki TANESCO yule yule. Kisha ukaja mkataba na IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, 1995. Shirika lilitakiwa kulipia uwezo wa mitambo hata isipozalisha, ugomvi ukafika kwa wasuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2014 sakata la fedha za akaunti ya Escrow, zilizotokana na mgogoro huo, likamwondoa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Baada ya hayo, nani serikalini angekimbilia kusaini mkataba mwingine wa miaka mingi?

EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilikuwa imeanza kazi 2006, na Sheria ya Umeme ikapitishwa 2008. Wazalishaji wadogo, wasiozidi megawati 10, walitengenezewa njia fupi: mkataba wa mfano, na nafasi ya kuwauzia wanavijiji moja kwa moja. Wakubwa walibaki kujadiliana bei, dhamana ya serikali, ardhi na cheti cha mazingira.

Miradi ya Singida ilikuwa ya wakubwa. Wind East Africa ilitaka megawati 100. Geo-Wind, ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) ni mbia wake, ilipanga kuanza na 50. Aldwych, mmoja wa wabia wa Wind East Africa, alikuwa pia kwenye mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, Kenya: mitambo 365, megawati 310. Kule mkataba ulisainiwa, mitambo ikawa tayari 2017, lakini njia ya umeme ya serikali ikachelewa hadi 2018 na Kenya ikatozwa fidia. Woga wa serikali ya Tanzania, basi, haukuwa wa bure.

Singida njia ipo. Ile ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga inapita mkoani humo. Kilichokosekana ni mkataba. Mwenga, kampuni iliyosimamisha mitambo ile ya kwanza ya Mufindi, ilipita njia ya wadogo: mitambo mitatu tu, megawati 2.4 kwa jumla. Tayari ilikuwa na maporomoko yake ya maji, nyaya zake na wateja wake vijijini, hivyo haikulazimika kumsubiri mnunuzi mmoja.