Bonde la Kilombero katika Ramani na katika Vitabu vya Ubatizo

Katika Kitabu cha Yoshua, sura ya 18, imo habari ya watu watatu watatu wa kila kabila waliotumwa kutoka Shilo wapite katikati ya nchi na kuiandika, kisha wamrudie Yoshua ili nchi igawanywe. Wahubiri wengi huipita sura hiyo upesi, kwa kuwa imejaa majina ya miji na mipaka. Hata hivyo ina jambo ambalo kila mpima ardhi analijua: nchi huandikwa na mtu aliyeipita kwa miguu, na mahali asipopita hapaandikwi.

Bonde la Kilombero nalo limeandikwa hivyo, tena si mara moja. Wajerumani waliliandika ili watawale na kupitisha majeshi, Waingereza ili wapime uchumi wake, na Serikali ya Tanzania huru ili ipange vijiji, reli na hifadhi. Kwa usharika unaotimiza miaka mia moja, karatasi hizo ni shahidi wa pili kando ya simulizi za wazee. Zinaonyesha nchi ambayo waumini wa kwanza waliijua kwa macho yao, na ambayo wajukuu wao hawaioni tena.

Ramani ya kwanza ya kutegemewa ni ile kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyoanzwa na Richard Kiepert, ikaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, na kuchapishwa Berlin na nyumba ya Dietrich Reimer tangu miaka ya 1890. Skeli yake ni 1:300,000, yaani sentimeta moja ya karatasi ni kilometa tatu za nchi. Wachoraji walikaa Berlin. Miguu ilikuwa ya wengine: maofisa, wasafiri, wamisionari, na wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Msafiri alishika dira na saa, akaandika njia ilipopinda, mto alipouvuka, na muda aliotumia kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Daftari zikapelekwa Ulaya na kuunganishwa. Ndiyo maana katika karatasi za namna hiyo majina yamesongamana kama siafu kando ya njia, na baina ya njia na njia pana weupe mtupu.

Walutheri wasidhani kazi hiyo ilikuwa ya wanajeshi peke yao. Alexander Merensky, aliyewaongoza wamisionari wa Misioni ya Berlin kufika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, alikuwa mchora ramani mashuhuri kabla ya hapo; ramani yake ya Transvaal ilichapishwa mwaka 1875. Kutoka huko Nyasa ndiko kazi ya Misioni ya Berlin ilikopanda hadi Ubena, kwa ndugu wa Wabena ambao walikuwa wamekwisha kushuka na kukaa kando ya mito ya bonde hili.

Msomaji wa leo anapoifungua ramani hiyo hupotea kwanza kwa sababu ya majina. Mto Kilombero anaukuta ukiitwa Ulanga, jina ambalo sasa limebaki kwa wilaya ya ng'ambo. Vijiji navyo mara nyingi viliandikwa kwa jina la jumbe. Mzungu aliuliza, “Hapa ni wapi?” naye akajibiwa, “Hapa ni kwa fulani.” Jumbe alipokufa au kuhama, kijiji kilibadilika jina au kilihama pamoja naye, na ramani ikabaki ikitaja mtu kana kwamba ni mahali. Si kosa dogo, lakini lina faida yake: kwa mwenye kutafuta ukoo, jina la jumbe lina thamani kuliko jina la kilima.

Kuna tahadhari nyingine, nayo ni nzito zaidi. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia boma ya Mahenge. Majeshi ya Kijerumani yalijibu kwa kuchoma vijiji na akiba za chakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Karatasi moja ya ramani ilikusanywa kutokana na safari za miaka mbalimbali, nyingine za kabla ya vita na nyingine za baadaye, zote zikachorwa kwa wino mmoja. Hivyo kijiji kilichokwisha kuwa majivu chaweza kukaa kando ya kijiji kilichoanzishwa na waliokikimbia, na karatasi isiseme neno.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliendelea na ramani za Kijerumani kwa muda mrefu. Mhandisi wa reli Clement Gillman aliongoza upimaji wa awali wa njia ya reli ya kusini-magharibi, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1929. Mwaka 1936 akachapisha ramani ya wakazi wa Tanganyika, iliyoonyesha wazi kwamba watu hufuata maji ya kudumu na kuacha sehemu kubwa za nchi bila makazi. Katika miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa sehemu mbalimbali za Ulanga na kuwaweka katika makazi ya pamoja, sababu kubwa ikiwa ugonjwa wa malale. Nchi walizoziacha zikarudi kuwa mapori.

Ramani iliyofuata ndiyo yenye hazina kubwa kuliko zote. Mwaka 1946 Uingereza ilianzisha idara ya upimaji wa makoloni, na ndege zikaanza kupiga picha za Tanganyika kutoka angani. Kutokana na picha hizo zilichorwa, kidogo kidogo, karatasi za skeli ya 1:50,000, ambapo sentimeta mbili ni kilometa moja. Baada ya Uhuru kazi iliendelezwa pamoja na Idara ya Upimaji na Ramani ya Dar es Salaam. Kila karatasi hufunika mraba wa kama kilometa 27 kila upande. Maji yamechorwa kwa buluu, na miinuko kwa mistari ya kahawia iitwayo kontua, ambayo kila mmoja hupita katika mahali penye kimo kilekile. Mistari ikikaribiana, hapo pana mteremko mkali; ikiachana, hapo ni tambarare.

Mwenye kuliangalia bonde kwa karatasi hizo huona upande wa kaskazini-magharibi kontua zikisongamana hata karibu kugusana: hiyo ni milima ya Udzungwa, ambayo kilele chake hupita meta 2,500. Kisha ghafla mistari inatoweka. Bonde lenyewe, lenye urefu wa kama kilometa 250, limelala katika kimo cha meta mia mbili hadi mia nne hivi, na linapokaribia Ifakara sehemu ya mafuriko inabanwa na kuwa nyembamba. Kutoka Udzungwa unashuka mto Lumemo, ambao kwa karne nyingi umemwaga mchanga na udongo wake pale unapofika tambarare, ukatandaza ardhi iliyoinuka kidogo mfano wa kipepeo cha kupepelea moto. Juu ya ardhi hiyo ndipo Ifakara ilipo. Meta chache tu za kimo ndizo zilizoamua mji uwe wapi, kivuko kiwe wapi, na njia ya Mahenge ipite wapi. Ndizo pia zinazoamua nyumba ipi ifikiwe na maji Lumemo inapofurika, jambo ambalo wakazi wa Ifakara hawahitaji kufundishwa na ramani.

Katika karatasi hizo nyumba zimewekwa alama ya vidoto vyeusi. Vinapatikana kando ya vijito vinavyoshuka milimani, na vimetawanyika, hapa vitatu, pale vitano, si katika safu. Ndivyo walivyoishi watu wa bonde: Wandamba wakifuata samaki kwa mitumbwi, Wapogoro, Wambunga na Wabena wakilima mpunga pembezoni mwa mafuriko. Wakati wa mpunga familia zilihamia mashambani na kukaa katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili kujihadhari na maji na kulinda ndege. Hapo lipo swali la kumuuliza mpiga picha. Picha za ndege hupigwa siku zisizo na mawingu, na katika Kilombero siku hizo ni za kiangazi. Ramani basi humwonyesha msomaji bonde la Agosti au Septemba, si bonde la Aprili ambalo limekuwa ziwa. Kidoto kimoja chaweza kuwa nyumba ya ukoo, na kingine dungu la msimu mmoja. Tofauti hiyo anaijua mzee, si mchoraji.

Wataalamu waliofuata walilitazama bonde kwa macho ya uzalishaji. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwaka 1961 taarifa kubwa ya bonde la Rufiji, na Wajerumani Ralph Jätzold na E. Baum walichapisha mwaka 1968 kitabu kizima juu ya jiografia ya uchumi ya Kilombero. Kazi hizo zilisaidia kueleza jinsi Kilombero inavyochangia zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji.

Badiliko kuu lilikuja kwa reli. Ujenzi wa TAZARA ulizinduliwa mwaka 1970, na kufikia mwaka 1975 reli ilikuwa imekamilika kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Chita na Mlimba kabla ya kupanda kuelekea Makambako. Katika miaka hiyohiyo Serikali iliwakusanya watu katika vijiji. Mwenye kulinganisha karatasi ya picha za zamani na ramani za baadaye huona vidoto vikihama kana kwamba vimevutwa na sumaku: vimeacha vijito na kujipanga kando ya reli na barabara. Historia ya makanisa ya bondeni haieleweki bila kuliona hilo. Mitaa mingi ambayo sasa ina kengele na paa la bati ilizaliwa na kituo cha treni au na kijiji kipya, na mahali pa ibada pa zamani pakaachwa pamoja na makaburi.

Hapa ndipo vitabu vya ubatizo vinapoisaidia ramani. Mwinjilisti aliyeandika jina la mtoto, la baba na la mama, aliandika pia walikotoka. Majina mengi ya mahali katika kurasa za zamani hayamo katika orodha yoyote ya vijiji vya leo. Anayeyatafuta aanze na mito, maana jina la kijito hudumu kuliko jina la kijiji, na wachora ramani waliyaandika majina ya vijito kwa wingi. Kisha aulize wazee. Mwisho aende mwenyewe. Penye miembe mikubwa katikati ya pori, bila nyumba karibu, hapo mara nyingi palikuwa na watu.

Kazi hiyo si ya kujifurahisha. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa mwaka 1992. Mwaka 2002 tambarare ya mafuriko, kama hekta 797,000, iliingizwa katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar. Na mwaka 2023 sehemu ya lililokuwa Pori Tengefu la Kilombero ilifanywa Pori la Akiba. Kando ya hayo yapo mashamba ya miwa, ya mitiki na ya mpunga, na mifugo iliyoingia kwa wingi kutoka mikoa mingine. Kila mpaka mpya huleta ubishi: je, hapa palikuwa na watu? Ramani ya zamani huitwa kutoa ushahidi, nayo husema kweli kwa pande zote mbili. Inathibitisha kwamba sehemu zinazoitwa leo pori tangu zamani zilikuwa na nyumba na njia. Inathibitisha pia kwamba katikati ya tambarare, walipolisha sheshe kwa maelfu, watu walifika kwa msimu na kuondoka maji yalipopanda. Anayeitaka ramani imtetee yeye tu ataikunja kabla ya kuimaliza.

Ushahidi ulio hatarini zaidi haumo katika karatasi. Karatasi zimehifadhiwa Dar es Salaam na Ulaya, na hazizeeki upesi. Wanaozeeka ni wale waliozaliwa katika vidoto vile kabla ya kuhamia relini, ambao kwao kila bwawa lililoachwa bila jina katika ramani lina jina, na kila njia ina mtu aliyeifungua. Vijana wa kipaimara wenye karatasi moja ya 1:50,000, kalamu ya risasi na mchana mzima wa kukaa na bibi au babu mmoja wanaweza kuyaandika majina hayo mahali pake. Waanze na sehemu ya mto kusini mwa Ifakara, ambako magari na watu walingoja pantoni kwa vizazi kadhaa, kabla ya daraja la meta 384 kufunguliwa mwaka 2018. Wapo bado wanaokumbuka yalipofungwa mitumbwi kabla ya pantoni kuja, na mahali pale paliitwaje.