Ndege-mfano ya mbio

Ndege-mfano ya mbio ni ndege ndogo isiyobeba mtu, inayoongozwa kwa mawimbi ya redio na rubani aliyesimama ardhini, na iliyojengwa ili kushindana kwa kasi na ndege za aina yake kuzunguka nguzo tatu. Inatofautiana na ndege-mfano ya kawaida kwa sababu hupinda kwa ukali mara nyingi ikiwa karibu na ardhi. Kwa hiyo kosa dogo la ujenzi au la mizani, ambalo ndege ya kujifunzia ingelivumilia, hapa huweza kuivunja ndege katika pembe ya kwanza. Jambo linaloamua zaidi tabia yake hewani ni mahali kilipo kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo ndege ikiegemezwa hapo hukaa sawa bila kuinamisha pua wala mkia.

Historia

Kati ya watu wa kwanza kufaulu kuongoza ndege-mfano kwa redio walikuwa ndugu mapacha Walter na William Good wa Kalamazoo, katika jimbo la Michigan nchini Marekani. Ndege yao iliyoitwa Guff iliruka mwaka 1937, na leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Redio za wakati huo zilikuwa nzito na hazikuaminika, hivyo hapakuwa na wazo la kushindana kwa kasi.

Mbio zenyewe ziliiga zile za ndege kubwa. Baina ya 1947 na 1949 kampuni ya Goodyear ilidhamini mjini Cleveland mashindano ya ndege ndogo za kiti kimoja zilizozunguka nguzo. Katika miaka ya 1960, redio zilipokuwa nyepesi na sahihi zaidi, wajenzi wa Marekani walianza kurusha nakala ndogo za ndege hizo. Siku hizi kanuni za kimataifa hutolewa na Shirikisho la Kimataifa la Usafiri wa Anga (FAI), na zile za Marekani na Academy of Model Aeronautics (AMA), chama kilichoanzishwa mwaka 1936.

Njia na madaraja

Njia ya mbio ni pembetatu nyembamba. Katika daraja la F3D la FAI, nguzo mbili husimama mita 40 kutoka nyingine, na ya tatu iko mbali, mita 180 kutoka kila moja ya hizo mbili. Mzunguko mmoja ni mita 400, na mbio ni mizunguko 10, jumla kilomita 4. Ndege hupinda kushoto kila mara. Rubani anayepita ndani ya nguzo badala ya nje huadhibiwa, na akirudia kosa hilo matokeo yake ya mbio hiyo hupotea. Kwa kuwa nguzo ya mbali haionekani vizuri kutoka anaposimama rubani, kila rubani ana msaidizi anayesimama kando yake na kumwambia wakati wa kupinda.

Injini ya F3D ina ujazo usiozidi sentimita za ujazo 6.6. Inatumia methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, na mafuta hayo hutolewa na waandaaji ili yawe sawa kwa wote. Ndege bora hupita kasi ya kilomita 300 kwa saa na kumaliza mizunguko 10 kwa chini ya sekunde 60. Kuna pia daraja la ndege za umeme.

Kwa mjenzi anayeanza, daraja linaloeleweka kwa urahisi ni Quickie 500 la Marekani. Jina linatokana na eneo la bawa, ambalo halipaswi kupungua inchi za mraba 500 (takriban desimita za mraba 32). Bawa lina upana uleule kutoka katikati hadi ncha, na kiwiliwili ni kama sanduku. Mifano ya hesabu katika makala hii inachukua ndege ya umbo hilo yenye bawa la urefu wa sentimita 127, upana wa milimita 254 na uzito wa kilo 1.7 bila mafuta.

Ujenzi

Mti wa kale wa kazi hii ni balsa, mbao nyepesi sana ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Ekuador. Mbao zake hazifanani: vipande viwili vya ukubwa mmoja vinaweza kutofautiana uzito mara mbili. Mjenzi makini hupima kila kipande kabla ya kukata, akaweka vyepesi kwa ajili ya mkia na vigumu kwa ajili ya pua na mhimili wa bawa. Mambo mengi ya mizani huamuliwa hapo, kabla gundi haijafunguliwa.

Bawa hujengwa kwa mbavu za balsa zilizofunikwa kwa ngozi ya mbao, au hukatwa kutoka povu gumu kwa waya wa moto kisha kufunikwa. Njia ya pili ni ya haraka na hutoa umbo sahihi. Vyovyote iwavyo, bawa halipaswi kujipinda kama kamba. Kama ncha moja imeinama milimita chache kuliko nyingine, ndege italala upande, na itabidi eleroni (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege) ziinuliwe muda wote ili kuirudisha. Kila kibao kilichoinuliwa hukinza hewa, na kasi hupungua. Kwa hiyo bawa huachwa likauke juu ya meza iliyonyooka, likiwa limekandamizwa kwa vitu vizito.

Bawa la mbio linahitaji nguvu kuliko inavyodhaniwa. Ndege ya mfano wetu ikipinda kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa katika duara lenye nusu kipenyo cha mita 30, mchapuko ni zaidi ya mara 10 ya ule wa graviti. Katika nukta hiyo bawa linabeba karibu kilo 18. Ndiyo maana katikati ya bawa, mahali nusu mbili zinapokutana, hufungwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi ya epoksi, na mhimili huimarishwa kwa mbao ngumu au nyuzi za kaboni.

Kiwiliwili hubeba injini, tangi, betri, kipokezi na servo, yaani mota ndogo zinazosukuma vibao vya kuongozea. Injini hufungwa kwenye ukuta wa plaiwudi uliogundishwa kwa epoksi. Tangi huzungushiwa sponji, maana mtikisiko wa injini hutia povu ndani ya mafuta na injini hukosa nguvu. Mkia hutengenezwa mwepesi kadiri inavyowezekana. Bawaba za vibao na waya zinazovisukuma hazipaswi kulegea hata kidogo. Kibao kilicholegea huanza kutetema kwa kasi kubwa, na mtetemo huo unaweza kung'oa mkia kwa chini ya sekunde moja.

Kipokezi cha kisasa hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Nyuzi za kaboni huzuia mawimbi hayo, kwa hiyo katika kiwiliwili cha kaboni antena hutolewa nje.

Kitovu cha uzito

Ndege iliyo thabiti hujirudisha yenyewe inapoyumbishwa na upepo. Hilo hutokea tu ikiwa kitovu cha uzito kiko mbele ya nukta fulani inayotegemea ukubwa wa bawa, ukubwa wa mkia na umbali kati yao. Kitovu kikiwa mbele sana, pua ni nzito: mkia hulazimika kusukuma chini, bawa hubeba uzito wake pamoja na msukumo huo, na katika kila pembe rubani huvuta elevata (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) zaidi. Ndege ni salama lakini ni nzito mkononi, na hupoteza kasi kila inapopinda. Kitovu kikisogezwa nyuma, ndege hupinda kwa mguso mdogo wa elevata na hutoka kwenye pembe ikiwa na kasi. Kikivuka kiasi, mguso huohuo huinua pua kupita alivyokusudia rubani, bawa huacha kubeba, na ndege hujipindua. Mita chache juu ya ardhi hakuna nafasi ya kuiokoa. Mshindani anataka kitovu kiwe nyuma kadiri anavyoweza kukitawala. Anayeanza anakitaka mbele.

Kwa bawa la upana usiobadilika, kitovu huwekwa kwa kawaida kati ya asilimia 25 na 30 ya upana, kikipimwa kutoka ukingo wa mbele. Kwa bawa la milimita 254 hiyo ni kati ya milimita 64 na 76. Safari ya kwanza hufanywa karibu na 64. Tofauti nzima kati ya ndege tulivu na ndege kali ni takriban upana wa kidole.

Upimaji hufanywa ndege ikiwa kamili: injini, propela, betri, servo na rangi vyote mahali pake. Mistari miwili huchorwa chini ya bawa, kila upande wa kiwiliwili, na ndege huegemezwa hapo juu ya ncha mbili za mbao au vidole viwili. Tangi liwe tupu. Sababu yake ni kwamba tangi liko mbele ya kitovu, na mafuta yakiisha kitovu hurudi nyuma. Gramu 100 za mafuta zilizokuwa sentimita 15 mbele ya kitovu zikitoweka, kitovu cha ndege ya kilo 1.7 husogea nyuma karibu milimita 9. Ndege iliyosawazishwa ikiwa na tangi lililojaa huwa nyepesi wa pua katika mizunguko ya mwisho, wakati rubani amechoka na wapinzani wako karibu.

Pua au mkia ukizidi uzito, dawa ya kwanza ni kuhamisha vitu vilivyomo. Betri ya kipokezi ndiyo huhamishwa kwanza, kisha servo. Risasi ni dawa ya mwisho, na hapo ndipo uzembe wa mkiani hulipiwa. Mkia ukiwa sentimita 70 nyuma ya kitovu na pua sentimita 30 mbele yake, kila gramu 10 zilizozidi mkiani hudai gramu 23 za risasi puani, na ndege inaongezeka gramu 33 kwa jumla. Matone ya epoksi na tabaka la pili la rangi hufika gramu 10 upesi. Hata hivyo kanuni za daraja huweka uzito wa chini kabisa. Ndege iliyojengwa nyepesi kuliko uzito huo lazima iongezwe, na mjenzi wake ana uhuru wa kuchagua risasi ikae wapi. Hiyo ndiyo faida kubwa ya wepesi katika mchezo huu.

Mizani ya kando na ya propela

Wengi huishia kwenye pua na mkia, ilhali mabawa nayo huwa na upande mzito. Ndege hushikwa kwa mhimili wa propela na nyuma ya mkia, ikaachwa ilale yenyewe. Upande unaoshuka ndio mzito, na msumari mdogo au kipande cha risasi hutiwa katika ncha ya pili. Wakati wa kuruka moja kwa moja kasoro hii hufichwa na eleroni. Lakini katika pembe ya mara 10 ya graviti, gramu 10 zilizozidi kwenye ncha huwa kama gramu 100, na ndege hulala upande kila rubani anapovuta elevata.

Propela husawazishwa peke yake juu ya mhimili mwembamba. Jani linaloshuka hupunguzwa kwa msasa upande wa nyuma mpaka propela ikae popote inapoachwa. Injini za mbio huweza kupita mizunguko 20,000 kwa dakika, na propela isiyo sawa hulegeza skrubu na kuharibu beringi. Yenye ufa, hata mdogo, haitumiki tena.

Kurusha na kurekebisha

Kabla ya kuruka huhakikishwa kwamba vibao vinaelekea upande sahihi. Eleroni zilizounganishwa kinyume ni chanzo cha zamani cha ajali za safari ya kwanza. Kipokezi hupangwa kifunge injini mawimbi yakikatika.

Ndege ikisharuka na kunyooshwa kwa kasi ya wastani, rubani huipandisha juu, huiinamisha na kuachia vijiti. Ikijiinua kwa nguvu, pua ni nzito. Ikiendelea kuinama zaidi, mkia ni mzito na lazima itue mara moja, kwa mwendo wa kutosha, maana ikipunguza kasi sana hujipindua. Ikijiinua polepole, kitovu kiko mahali pazuri pa kuanzia. Baadaye kitovu hurudishwa nyuma milimita mbili au tatu kwa mara moja, na kila badiliko hufuatwa na mizunguko kadhaa ya majaribio, huku mwendo wa elevata ukipunguzwa kwa sababu ndege imekuwa nyepesi kuitikia.

Usalama

Ndege ya kilo 1.7 iendayo kilomita 200 kwa saa inaweza kuua. Watazamaji hukaa nje ya njia, ng'ambo ya upande ambao ndege hutupwa zikipotea, na waamuzi wa nguzo hukingwa au huwekwa mbali. Helmeti huvaliwa na walio karibu na njia. Methanoli ni sumu, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Wakati wa kuwasha injini msaidizi hushika ndege kutoka nyuma, na hakuna anayesimama sambamba na propela.