Shingo iliyovunjika: kutoka Misri ya kale hadi barabara ya Kabambare

Mtu akianguka kutoka juu ya mti wa ngazi, au akirushwa na pikipiki kwenye barabara ya Kasongo na Kabambare, wenzake hukimbia kumwinua na kumkalisha. Ni huruma. Lakini historia ya tiba inafundisha kwamba kumwinua vibaya kunaweza kumpoozesha mtu ambaye angetembea tena.

Shingo ina mifupa 7. Ndani yake inapita kamba ya mishipa ya fahamu, inayopeleka amri za ubongo kwenye mikono, miguu na pumzi. Hatari kubwa ni mfupa uliovunjika kusogea na kuibana kamba hiyo.

Waganga wa Misri waliliona jambo hilo. Maandishi yao yaliyonakiliwa miaka ipatayo 3,600 iliyopita yanaeleza habari za mtu aliyeanguka kichwa chini, mfupa wa shingo ukapondeka, asihisi tena mikono wala miguu. Waliandika kwamba hatibiki.

Jeshi la Dhanis lilipoingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, lilikuwa na daktari Mwingereza, Sidney Hinde. Hata yeye hakuwa na njia ya kuona mfupa ndani ya mwili. Röntgen aligundua mionzi ya picha ya radio, yaani eksirei, mwaka 1895.

Mwaka 1933, Crutchfield wa Marekani alieleza koleo la kushika fuvu na kuvuta shingo kwa uzito, mifupa irudi mahali pake. Kuanzia 1944, Ludwig Guttmann kule Stoke Mandeville, Uingereza, alisisitiza wagonjwa waliopooza wageuzwe usiku na mchana. Kabla yake wengi walikufa kwa vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo.

Kasongo nayo ina sehemu katika historia ya afya. Katika miaka ya 1970, mradi wa Kasongo ulionyesha namna vituo vidogo vya afya vinavyoweza kushirikiana na hospitali ya rufaa.

Lakini kabla ya kituo kuna kipoyi, na hapo ndipo jamaa wanaanza tiba. Asikalishwe, asivutwe shingo, asikandwe, asipakiwe kwenye pikipiki kama kuna njia nyingine. Mmoja ashike kichwa kisicheze. Wengine wamgeuze mwili mzima kwa pamoja, kama gogo, hadi juu ya ubao. Nguo zilizokunjwa ziwekwe pande mbili za kichwa. Akitapika, ageuzwe ubavu vivyo hivyo, kichwa na mwili pamoja.

Ubao na vitambaa vinapatikana hata kwa familia iliyokimbia vita.