Lady Delamere wa kwanza: binti wa Ireland katika historia ya reli na Muthurwa

Kwa abiria wa matatu za Nakuru, Delamere ni duka la pale Naivasha ambapo gari husimama watu wanyooshe miguu na kununua maziwa lala. Kwa wazee walioishi mtaa wa Muthurwa, Nairobi, enzi za mkoloni wakifanya kazi reli, ni barabara pana ya katikati ya mji, Delamere Avenue, ambayo sasa tunaiita Kenyatta Avenue. Na anayesikia "Lady Delamere" huwaza Diana, aliyeolewa na Baron wa nne mwaka 1955, baada ya jina lake kuvuma kwa sababu ya mauaji ya mpenzi wake, Earl wa Erroll, mwaka 1941. Wachache watamtaja Gwladys, mke wa pili wa Baron wa tatu, aliyekuwa meya wa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1930.

Aliyewatangulia wote wawili hatajwi. Aliitwa Florence Anne Cole, mtoto wa Lowry Cole, Earl wa nne wa Enniskillen, kutoka Fermanagh kaskazini mwa Ireland. Nyumbani kwao kuliitwa Florence Court, jumba la karne ya 18 lililopewa jina la Florence mwingine, mke aliyeolewa katika ukoo huo zamani. Akina Cole walikuwa makabaila Waprotestanti wenye asili ya Uingereza, waliomiliki ardhi na kutoza kodi wakulima wa Ireland. Kwa hiyo Florence alizaliwa upande wa wenye shamba, akalelewa kwa karamu, uwindaji wa farasi na ndoa inayolingana na hadhi ya nyumba yao. Hata jina la Lady hakulipata kwa kuolewa, kwani earl yuko ngazi mbili juu ya baron, na binti yake huitwa hivyo tangu utotoni.

Julai 1899 aliolewa na Hugh Cholmondeley, Baron Delamere wa tatu, mwenye jumba la Vale Royal katika jimbo la Cheshire. Bwana huyo alikuwa tayari anachechemea kwa kuwa simba alimshambulia Somalia akiwinda, na alinusurika kwa sababu mbeba bunduki wake Msomali alimrukia mnyama yule. Safari hizo za uwindaji ndizo zilizomfikisha nyanda za juu za Kenya kwa mara ya kwanza, akishuka kutoka Ethiopia.

Wiki chache kabla ya harusi hiyo, mwishoni mwa Mei 1899, reli kutoka Mombasa ilifika kwenye uwanda wenye majimaji ambao Wamaasai waliuita Enkare Nairobi. Hapo yakajengwa karakana, stoo na kambi, na pembeni mwa yadi hiyo ndipo Muthurwa ilipokuja kumea. Desemba 1901 reli iligusa Ziwa Viktoria, na kituo cha mwisho kikaitwa Port Florence, ambacho leo ni Kisumu. Wapo wanaodhani jina hilo ni la Lady Delamere. La hasha. Florence huyo alikuwa mke wa Ronald Preston, mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli.

Reli hiyo ilimeza zaidi ya pauni milioni 5 za walipa kodi wa Uingereza, na ilikuwa haina mizigo ya kuilipia. Sir Charles Eliot, kamishna aliyeitawala nchi kwa niaba ya Uingereza wakati huo, aliona dawa ni kuleta walowezi wa kizungu walime kando ya njia yake. Delamere na mkewe walipowasili mwanzoni mwa 1903 walikuwa hasa watu aliowatafuta. Muda si muda bwana alianguka kutoka kwenye farasi akaumia mgongo, akalala kitandani Nairobi kwa miezi. Akiwa amelala chali aliandika maombi ya ardhi. La kwanza, la Laikipia, lilikataliwa. La pili, karibu na Naivasha, likakataliwa pia. La tatu likakubaliwa: ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99, kwa kodi ya takriban pauni 200 kwa mwaka, mradi atumie pauni 5,000 kuendeleza shamba ndani ya miaka mitano. Aliliita Equator Ranch.

Mwaka uliofuata, 1904, serikali iliandikiana mkataba na viongozi wa Kimaasai akiwemo Lenana. Kwa mkataba huo Wamaasai waliondolewa kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa, mbali na reli na mbali na ardhi iliyotengewa wazungu.

Huko Njoro, Lady Florence alihamia kwenye vibanda vya udongo vilivyoezekwa nyasi. Samani nzuri kutoka Uingereza ziliwekwa juu ya sakafu ya udongo. Bwana alikuwa mtu wa kuondoka: leo Nairobi kugombana na gavana, kesho London kukopa. Shamba likabaki mikononi mwa mke, pamoja na wachungaji, hesabu, wagonjwa na wageni waliopita bila taarifa.

Na shamba lenyewe lilikuwa la hasara. Nyasi za Njoro zilikuwa ndefu na za kijani, lakini udongo ulikosa madini, hasa kobalti, kwa hiyo kondoo walikula wakashiba na bado wakakonda hadi kufa. Wamaasai walikuwa hawalithamini eneo hilo kwa malisho, na hakuna aliyewauliza. Ng'ombe nao walipigwa na homa ya mapafu na ndigana. Delamere akageukia ngano, nayo ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Ilibidi aajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu hadi ipatikane ngano inayostahimili, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited, ambayo ingalipo. Mifugo alishaanza kuihamishia Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, na gharama zote hizo zilitoka kwenye mali ya Vale Royal, iliyozidi kuwekwa rehani.

Florence hakuja peke yake. Kaka zake wawili walimfuata. Berkeley Cole, aliyesifika kwa ucheshi na kupenda divai nzuri, ndiye aliyeongoza kuanzishwa kwa Muthaiga Club, iliyofunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1914. Galbraith Cole alichukua shamba la Kekopey, Elmenteita. Mwaka 1911 alimpiga risasi Mwafrika aliyemshuku kuiba kondoo, na mtu huyo akafa. Baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, lilimwachilia. London haikuweza kulimeza hilo, ikaamuru afukuzwe nchini, ingawa baadaye alirudi. Upole wa nyumbani na risasi ya shambani vilikaa katika ukoo mmoja.

Kazi na wasiwasi vilimchosha Lady Florence, na moyo wake ukadhoofika. Alirudishwa Uingereza kwa matibabu, akafariki Mei 1914 akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Mwanawe wa pekee, Thomas, aliyezaliwa mwaka 1900, alikuwa amekulia zaidi kule ng'ambo. Elspeth Huxley alipoandika kitabu cha ukoo huo mwaka 1935, kilikuwa kitabu cha mume. Sanamu ya shaba iliyokuja kusimama Nairobi ilikuwa ya mume vilevile, na wakati wa uhuru iling'olewa ikapelekwa Soysambu.

Ni rahisi kumhurumia mke huyu, na anastahili. Lakini huruma hiyo isitufiche jambo moja. Alizika ujana wake Njoro ili ardhi ya watu wengine igeuke mali ya nyumba yake, na mwaka mmoja tu baada ya kifo chake mali hiyo ilikingwa kwa karibu milele: sheria ya ardhi ya 1915 iliruhusu walowezi wakodishiwe mashamba kwa miaka 999. Upande wa pili, mumewe aliiambia tume ya wafanyakazi ya 1912 na 1913 kwamba Waafrika wakiwa na ardhi ya kuwatosha hawatatoka kwenda kuajiriwa. Ndivyo ilivyokuwa. Kodi ya kibanda na uhaba wa ardhi viliwasukuma wanaume kutafuta mshahara, na reli ilikuwa mwajiri mkubwa.

Wengi wao walifikia Muthurwa. Shirika la reli lilijenga safu za vyumba kando ya Landhies Road, mfereji wa maji na vyoo vikiwa vya kushiriki. Chumba kilifuata kazi. Ukistaafu au ukifutwa, unafungasha. Familia zilikaa humo vizazi hata vizazi, kodi ikilipwa kila mwezi, bila karatasi yoyote ya kusema hapa ni pako. Julai 2010 mfuko wa pensheni wa reli, uliokuwa umepewa mtaa huo, ulianza kuwaondoa wapangaji na kubomoa. Walikwenda Mahakama Kuu, na Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba haki zao zimekiukwa, akaitaka serikali iweke utaratibu wa kisheria wa kuhamisha watu.

Katiba ya 2010 nayo ilishusha miaka 999 hadi 99 kwa asiye raia. Soysambu bado iko kwa ukoo wa Delamere. Ukoo wa Lady Florence ulipoteza kondoo, ngano na hatimaye jumba la Cheshire, lakini haukupoteza shamba hilo, kwa sababu ulikuwa na hati. Mpangaji wa Muthurwa alilipa kila alichodaiwa, na hati hakupewa. Reli ni ileile iliyowaleta wote wawili. Anayetaka kuelewa kwa nini kesi ya Muthurwa ilikuwa na uzito vile, asianzie 2010. Aanzie Nairobi ya 1903, kwenye kitanda cha mgonjwa aliyeomba ekari laki moja akazipata.