Mbwa, nyati na mchicha wa usiku

 

Juzi usiku bwenini kulizuka ubishi. Jamaa mmoja kaona video ya watu wanakula mbwa, akatangaza kwamba hao si watu kamili. Mimi nasomea ualimu wa historia, nikashindwa kunyamaza.

Nikamwambia kwanza mbwa hajaliwa Asia tu. Paris ilipozingirwa na jeshi la Prussia mwaka 1870 hadi 1871, watu walimaliza farasi wakahamia kwa mbwa, paka na panya, wakachinja hata tembo 2 wa maonyesho, Castor na Pollux. Ujerumani yenyewe imepiga marufuku kuchinja mbwa mwaka 1986, yaani juzi juzi tu. Nigeria, pande za Jos, nyama ya mbwa ina jina la utani, 404, kama ile Peugeot. Na Korea Kusini, ambako kila mtu hukimbilia kunyooshea kidole, bunge lilipitisha sheria ya kukomesha biashara hiyo Januari 2024, adhabu zikipangwa kuanza 2027.

Jamaa akajibu, "Hao ni huko kwao. Sisi Watanzania tunajua cha kula." Hapo ndipo nikamletea habari za kwetu Kibondo.

Kambi ya Nduta ilipokea Warundi waliokimbia vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993. Ikafungwa mwishoni mwa miaka ya 2000, ikafunguliwa tena Oktoba 2015. Mgao ulikuwa unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Nyama hakuna. Kutoka nje ya kambi bila kibali ni kosa. Na huko porini kuna Pori la Akiba Moyowosi, nyati na nyamera wamejaa. Jumlisha mwenyewe.

Nyama iliingia kambini usiku, ikapikwa usiku, ndiyo maana ikaitwa mchicha wa usiku. Jina hilo likaja kuwa kichwa cha ripoti ya TRAFFIC, wale wanaofuatilia biashara ya wanyamapori, mwaka 2008. Walikadiria kwamba katikati ya miaka ya 1990 kambi kuu 2 za kaskazini magharibi mwa nchi zilikula tani 7.5 za nyamapori kwa wiki. Kwa wiki, wadau! Hata sokwe wakawa hatarini. Ila kilichoniuma ni kingine: wakimbizi wa Croatia, Slovenia na Serbia walipewa nyama ya kopo kwenye mgao wao. Wa kwetu wakaambiwa maharage, halafu wakiwinda wanaitwa majangili.

Na tusidanganyane, walaji hawakuwa wakimbizi peke yao. Kambi ilipofunguliwa tena nilikuwa darasa la sita. Usiku mmoja mama alifunga mlango kwanza, ndipo akapakua kitoweo chenye mifupa mikubwa ajabu. Nikauliza, "Mama, huyu ng'ombe gani?" Akasema, "Kula mwanangu, mchicha huo." Nikala. Kitamu, sifichi. Asubuhi mifupa ilishafukiwa nyuma ya choo.

Sisi tulikuwa na shamba na kuku wawili watatu. Mwenzetu wa kambini, Agosti 2017, WFP walipokosa fedha, mgao wake ulishuka hadi asilimia 62 ya mahitaji ya mwili. Huyo unamwambia nini kuhusu cha kula na kisicholiwa?

Mwaka 2020 serikali ikatoa kanuni za mabucha ya nyamapori. Nyati yule yule wa mama, sasa anapimwa kwenye mizani mchana kweupe. Nikamuuliza jamaa kama amewahi kula. Kumbe amekula nyumbu Dodoma, tena mara mbili.

"Lakini mimi," akasema, "nilipewa risiti."