Ngozi Chini ya Mkeka: Nachituti na Fasihi ya Mwambao wa Mweru

Kila anayeandika historia ya Ziwa Mweru hufika kwa Nachituti, na wengi humpita haraka. Humtaja kama shahidi aliyetia saini kwenye hati: mwanamke huyu alimkabidhi Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, kapu la udongo na chungu cha maji, na tangu siku hiyo nchi na ziwa vikawa mali ya Walunda. Wakishasema hivyo huhamia kwenye mipaka, ushuru wa samaki na haki za wenye vidimbwi. Mimi nashikilia kwamba kisa hiki, kabla hakijawa hati, ni kisa cha mama aliyefiwa. Anayekisoma bila msiba huo hajui hata hati yenyewe imepata wapi nguvu.

Tukisimulie polepole. Ni karne ya 18. Nkuba anawatawala Washila, wavuvi wa ziwa, akiwa Kisiwa cha Chisenga, ambacho leo kimo katika Wilaya ya Nchelenge. Walunda wa Kazembe wamekwisha kuingia bonde la Luapula kutoka magharibi, kwenye himaya ya Mwata Yamvo. Nkuba anamuua mtoto wa kiume wa dada yake, Nachituti. Kumuua hakumtoshi. Anamchuna ngozi na kuifanya kitu cha kukalia, chini ya mkeka. Nachituti anakuja kwa kaka yake, anakaribishwa, anakaa. Anakaa juu ya mwanawe asijue, mbele ya watu wanaojua.

Hapo ndipo msimuliaji mzuri hunyamaza kidogo, na ana haki ya kunyamaza.

Habari ilipomfikia, Nachituti hakubaki Chisenga kuomboleza. Alikwenda kwa Kazembe na kuomba jambo moja: Nkuba auawe. Walunda wakaenda, Nkuba akauawa, na kichwa chake kikaletwa. Baada ya hapo ndipo kapu la udongo na chungu cha maji vinapotokea, kama shukrani ya mtu ambaye hakubakiwa na mwingine wa kumrithisha.

Maneno hayo ya mwisho nimeyapima. Watu wa kawaida wa Luapula huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mrithi wa mtawala wa namna ya Nkuba hakuwa mtoto wa kumzaa mwenyewe. Alikuwa mdogo wake au mpwa wake, mtoto wa dada. Kwa hiyo kijana aliyechunwa alikuwa miongoni mwa waliostahili kukikalia kiti kile. Nkuba aliukalia urithi wake, kisha akamkalisha juu yake mama aliyeuzaa. Nachituti naye alipotoa nchi na maji, alitoa kile ambacho tumbo lake lilikuwa na haki ya kukitoa. Lakini ufalme wa Kazembe hufuata upande wa baba. Ziwa likahama kutoka mikono ya akina mama kwenda kwa ukoo wa akina baba, na aliyelihamisha ni mama, kwa uchungu wake. Wahenga wa Kiswahili walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Watu wa Mweru walikwenda mbele zaidi, wakauweka uchungu huo kuwa msingi wa dola.

Kisa hiki kimo katika *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*, yaani *Wahenga Wangu na Watu Wangu*, historia ya Walunda kwa Kibemba iliyotayarishwa na Mwata Kazembe wa XIV, Chinyanta Nankula, pamoja na padri Edouard Labrecque wa Shirika la White Fathers, na kuchapishwa mwaka 1951. Mwaka huohuo Shaaban Robert alitoa *Kusadikika*, ambamo Karama anasimama mbele ya mfalme akitetea roho yake. Huku ni mshairi anayehoji enzi, kule ni mfalme anayeandika enzi yake mwenyewe. Lakini hata katika kitabu cha mfalme mama analia, na jambo hilo linanifanya nimheshimu sana Chinyanta Nankula. Angeweza kuandika kwamba Walunda walishinda kwa mikuki tu, akanyamaza.

Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyeishi bondeni humo miaka hiyohiyo, aliona jambo ambalo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi angelijua. Luapula, historia ina wenyewe. Ukoo husimulia ya kwake, na mwenye jina la kurithi husimulia kwa nafsi ya kwanza: mimi nilivuka mto, mimi nilipigana, mimi nilimuua fulani. Aliyerithi jina amerithi pia sauti na kumbukumbu. Sijui mbinu ya kifasihi inayoyaweka mamlaka karibu hivyo na moyo wa mtu. Walioiita mbinu hiyo uzushi wa kisiasa walikuwa wakitafuta tarehe mahali ambapo watu walikuwa wakieleza jeraha.

Maofisa wa Kiingereza sina subira nao. Walitaka kujua jambo moja: nani atoe kibali cha kuvua na nani akusanye ushuru. Katika utawala wa kupitia machifu, kapu la udongo liliwafaa sana, na ngozi chini ya mkeka haikuwa na kazi ofisini. Mwanahistoria David Gordon ni mtu wa namna nyingine. Kitabu chake cha mwaka 2006 kimebeba zawadi ya Nachituti hadi kwenye jina lake, na kinaonyesha jinsi masimulizi haya yalivyotumika katika kugombea uvuvi wa Mweru hadi zama zetu. Namshukuru kwa hilo. Ninachoongeza ni kwamba zawadi haisomeki vizuri pasipo kilio kilichoizaa.



Msomaji wa Kiswahili ana andiko lake mwenyewe kuhusu ukanda huu, naye hulisahau. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaeleza kwa Kiswahili na kuchapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, anasimulia vita vyake na Nsama, katika nchi ya Itawa iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, mwaka 1867. Ni Kiswahili kikavu, cha haraka, kizuri. Tunasikia mishale iliyompata, tunasikia pembe zilizopatikana. Vilio vya waliotekwa hatuvisikii. Kwangu hicho ndicho kitabu kikubwa cha mamlaka katika nathari yetu ya zamani, na ukimya wake ni ukatili.

Wa kumjibu yupo, japo hakuandika kwa mkono wake. Bwanikwa alizaliwa Uluba. Baba yake alikuwa na deni la kulipa wakwe baada ya kufiwa na mke, akamtoa binti yake. Akauzwa, akauzwa tena, mara 10 kwa hesabu ya mmisionari Dugald Campbell aliyeandika habari zake, akipita katika Katanga ya Msiri, mfalme aliyeuawa Desemba 1891. Hata alipoolewa, mumewe aliendelea kumhesabu kuwa mtumwa, mpaka akachuma kwa jasho lake na kujikomboa kwa mume huyohuyo. Mwanahistoria Marcia Wright alimrudisha kwa wasomaji katika miaka ya 1980. Kinachonichoma ni kwamba baba ndiye aliyemtoa wa kwanza, kama vile kaka ndiye aliyemchunia Nachituti mwanawe. Mwambao huu haukuwaacha wababe wa nyumbani wajifiche nyuma ya wageni.

Tangu mwaka 2018 Nchelenge ina makazi ya Mantapala, ya Wakongo waliokimbia vita vya Katanga, na Kiswahili kinasemwa humo kila siku. Nawaomba wachapishaji wetu wamtafsiri Chinyanta Nankula na Bwanikwa kwa lugha ambayo watoto wale wanaielewa. Nanyi wasomaji wa Chisenga, Kilwa, Nchelenge na Pweto, kama bibi zenu walimsimulia Nachituti kwa namna nyingine, andikeni kama walivyosema wao, kabla ya kuwauliza wazee wa baraza.